Daftari la Joto: Historia ya Kupima Faida ya Nishati katika Vinu vya Muungano Baridi

Tarehe 23 Machi, 1989, katika mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani, wanakemia wawili, Martin Fleischmann wa Uingereza na Stanley Pons wa Marekani, waliwaita waandishi wa magazeti na kuwapa habari iliyoushtua ulimwengu. Walisema kwamba katika chombo cha kioo kilichowekwa juu ya meza, chenye maji mazito, kipande cha madini ya paladi na waya wa platini, walikuwa wamepata joto lililozidi umeme waliouingiza. Ziada hiyo, kwa maoni yao, haikuweza kuelezwa kwa kemia. Ilitokana na kuungana kwa viini vya deuteri, jambo ambalo kwa kawaida huhitaji moto wa mamilioni ya digrii kama ule wa jua. Jambo hili likaitwa muungano baridi.

Mabishano yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi kama kisa cha tamaa na haraka. Lakini kiini chake kilikuwa swali la hesabu: joto hupimwaje, na neno ziada lina maana gani?

Kwanza yafaa maneno yenyewe yatengwe. Katika Kiswahili cha kila siku neno joto huchukua maana mbili: kiasi cha nishati iliyomo katika kitu, na kiwango kinachosomwa katika kipimajoto. Wataalamu wameiweka maana ya pili katika neno halijoto, wala hawakufanya hivyo kwa mapambo. Kijiko cha maji yanayochemka kina halijoto kubwa kuliko pipa la maji ya uvuguvugu, lakini pipa lina nishati nyingi zaidi. Vivyo hivyo neno nguvu hutajwa mahali pa nishati, ingawa wati ni mwendo wa kutoa nishati, na juli ni kiasi cha nishati yenyewe. Hakuna kipimajoto kinachosoma nishati moja kwa moja. Kinasoma halijoto, na mpimaji ndiye anayeigeuza kuwa nishati kwa njia ya hesabu. Katika safari hiyo ya kutoka namba moja hadi nyingine ndimo makosa yanamojificha.

Hatari hiyo haikuwa ngeni. Tangu mwaka 1866 Thomas Graham alikuwa ameonyesha kwamba paladi hunywa hidrojeni kwa wingi wa ajabu, mamia ya mara ya ujazo wake yenyewe. Mwaka 1926, huko Berlin, Friedrich Paneth na Kurt Peters walitangaza kwamba hidrojeni iliyonywewa na paladi ilikuwa imegeuka kuwa heli. Mwaka uliofuata walirudi wenyewe wakaieleza jamii ya wenye elimu kwamba heli waliyoiona ilitoka hewani, ikiwa imejificha katika vioo na asbesto za vyombo vyao. Walikuwa wamepima kwa usahihi kitu kilichokuwapo, wakakosea asili yake. Kule kukiri kwao kuliwapa heshima.

Hesabu ya chombo cha Utah yaweza kuelezwa kwa mfano. Tuseme mkondo wa umeme ni ampea 0.5 na volti ni 5. Umeme unaoingia ni wati 2.5. Lakini sehemu ya nishati hiyo haigeuki joto, kwa kuwa hutumika kuyatenganisha maji mazito kuwa deuteri na oksijeni, na gesi hizo hutoka nje ya chombo. Kila ampea moja huchukua kwa kazi hiyo wati 1.54, na kwa hiyo nusu ampea huchukua wati 0.77. Joto linalotazamiwa ni wati 1.73. Ikiwa mpimaji atapata wati 2, aweza kusema kwamba ameona ziada ya wati 0.27. Lakini kama baadhi ya gesi zilirudi kuungana ndani ya chombo, nishati yao nayo ilirudi kuwa joto, na ziada hiyo ni kemia ya kawaida. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari; hapa yawezekana pia mali kuonekana imeongezeka, kumbe ni ile ile iliyoandikwa katika ukurasa mwingine. Dawa yake ni kukifunga chombo ili gesi zote ziungane tena ndani, au kuzipima gesi zinazotoka.

Tarehe 1 Mei, 1989, katika mkutano wa wanafizikia huko Baltimore, Nathan Lewis wa Caltech alitoa hoja nyingine. Maji yasipokorogwa, alisema, halijoto haiwi sawa katika chombo chote, na kipimajoto kilichowekwa mahali pamoja husoma habari ya mahali hapo tu. Siku chache baadaye, huko Los Angeles, Fleischmann alijibu kwa kuonyesha jinsi rangi iliyotiwa katika chombo ilivyosambazwa na mapovu kwa muda mfupi. Jibu hilo lilikuwa na uzito. Lakini halikuondoa swali la gesi, wala swali la kwa nini majaribio ya namna ile ile kwa maji ya kawaida hayakuelezwa katika makala yao ya kwanza.

Lipo jambo moja katika makala hiyo linalostahili kuangaliwa na kila msomaji wa majedwali. Safu moja ya faida ilionyesha asilimia zilizopita 1,000. Namba hizo hazikupimwa. Zilikokotolewa kwa kudhania chombo ambacho kingefanya kazi kwa volti 0.5, na chombo hicho hakikuwapo. Waandishi walilieleza sharti hilo chini ya jedwali, lakini namba ilisafiri bila sharti lake, kama methali inavyosafiri bila kisa kilichoizaa.

Shahidi wa mwisho alikuwa mnururisho. Kama wati moja ya joto ingetokana na muungano wa deuteri kama unavyojulikana, chombo kingetoa karibu nyutroni bilioni elfu moja kila sekunde, na waliosimama karibu nacho wangaliumia vibaya. Waliendelea kuwa wazima. Mwezi Novemba 1989 jopo la Wizara ya Nishati ya Marekani liliamua kwamba ushahidi haukutosha, na mapitio ya mwaka 2004 yalifikia maoni yaliyokaribiana na hayo.

Utafiti haukukoma, wala haukuwa mchezo. Tarehe 2 Januari, 1992, katika maabara ya SRI huko California, chombo kilipasuka na kumwua mtafiti mmoja. Sababu ilikuwa gesi za deuteri na oksijeni zilizoungana ghafula.

Baadaye vyombo vikabadilika, na makosa yakabadilika navyo. Mwaka 2011, huko Bologna, Italia, kilionyeshwa kinu kilichodaiwa kuchemsha maji kwa faida kubwa. Gramu moja ya maji huhitaji juli 335 hivi kutoka digrii 20 hadi 100, lakini kugeuka mvuke huhitaji juli 2,257 nyingine. Basi anayeyahesabu maji yote kuwa mvuke, hali sehemu yake imetoka kama matone, hujipatia faida kubwa ambayo haipo. Mwaka 2014, huko Lugano, Uswisi, kinu kilichofuata kilipimwa kwa siku 32 kwa kamera ya mionzi ya joto. Wakosoaji walisema kwamba tabia ya uso wa kinu katika kutoa mionzi haikukadiriwa sawasawa. Jambo hilo si dogo, kwa sababu joto linalotolewa kwa mionzi hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto: kosa la asilimia 10 katika halijoto halisi hukuza jibu kwa asilimia 46.

Mwaka 2019 kundi la watafiti waliogharimiwa na Google lilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kazi ya miaka kadhaa. Halikupata dalili ya muungano baridi. Lakini lilitengeneza kalorimita bora za kufanyia kazi katika hali ngumu, na likaeleza ugumu wa kuijaza paladi deuteri ya kutosha. Mwaka 2023 shirika la ARPA-E la Marekani lilitoa dola milioni 10 kwa miradi minane ili swali hilo lichunguzwe kwa masharti makali.

Miaka zaidi ya 30 imepita tangu siku ile ya Salt Lake City, na kinu kinachojiendesha kwa ziada yake chenyewe, baada ya waya wa umeme kukatwa, hakijathibitishwa. Kipimo hicho hakihitaji kamera wala kipeo cha nne. Mpaka kitakapofauluwa, neno ziada katika habari hizi litabaki kuwa jina la tofauti kati ya namba mbili, na mwenye kulitumia atawiwa na msomaji maelezo ya jinsi kila moja ya namba hizo ilivyopatikana.