Futi Moja ya Mraba Iliyozuka

Katika mwaka wa 1545 kilichapishwa mjini Paris kitabu cha jiometri kilichoandikwa na Mwitaliano mmoja, Sebastiano Serlio, mzaliwa wa Bologna. Mtu huyu hakuwa mwanafunzi wala mpiga porojo. Alikuwa bingwa wa kuchora majengo, na sifa zake zilikuwa zimemfikia Francis wa Kwanza, mfalme wa Ufaransa, hata akamwita amtumikie. Kitabu chake alikiandika kwa ajili ya mafundi, ili wajifunze kupima na kukata pasipo kuharibu mali.

Miongoni mwa mafunzo yake limo hili. Tuseme seremala ana ubao wenye urefu wa futi 10 na upana wa futi 3, naye anahitaji ubao wenye upana wa futi 4. Serlio alimwambia aukate mshazari, toka pembe hata pembe ya pili, kisha akisukume kipande kimoja kifuate ule mkato mpaka upana wa vyote viwili pamoja ufike futi 4. Ncha mbili zitatokeza nje, moja huku na moja huku. Akizikata, atabaki na ubao wa futi 4 kwa 7, pamoja na pembetatu mbili ndogo, kila moja ikiwa na urefu wa futi 3 na upana wa futi 1.

Msomaji, chukua kalamu. Ubao wa kwanza ulikuwa 10 mara 3, yaani futi 30 za mraba. Ubao wa pili ni 4 mara 7, yaani 28. Zile pembetatu mbili zikiunganishwa hufanya mstatili wa 3 kwa 1, yaani 3. Jumla ni 31! Seremala amekata kwa msumeno, tena msumeno hula mbao, lakini mbao zimeongezeka. Kama jambo hili lingekuwa kweli, misitu yetu isingekuwa na haja ya kulindwa.

Serlio hakuliona. Mchoro wake ulikuwa safi, mistari imenyooka, na tarakimu zake zote zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa mahali padogo sana. Mkato wa mshazari ule hupanda futi 3 katika mwendo wa futi 10. Basi kipande kikipanda futi 1, ni lazima kisogee theluthi ya 10, yaani futi 3 na inchi 4. Serlio aliandika 3 tu. Kwa hiyo urefu wa kweli wa ubao mpya si futi 7, bali ni futi 6 na inchi 8. Ukipiga hesabu kwa vipimo hivyo utapata 26 na theluthi mbili kwa ubao, na 3 na theluthi moja kwa ncha. Jumla yake ni 30 kamili. Mwaka 1567 Mwitaliano mwingine, Pietro Cataneo, alilionyesha kosa hilo katika kitabu chake cha ujenzi, akaeleza jinsi kazi ile ipasavyo kufanywa.

Yamkini fundi mwenye ubao mkononi angaligundua mapema kuliko hata Cataneo, maana ubao hauna adabu mbele ya wakubwa: ukiwa mfupi kwa inchi 4, ni mfupi. Karatasi ndiyo hustahimili kila neno.

Baadaye kosa hilo likageuzwa kuwa mchezo. William Hooper, katika kitabu alichokitoa London mwaka 1774, alieleza karatasi ya 3 kwa 10 inayokatwa vipande vinne na kupangwa upya, nazo 30 zikawa 32. Na mwaka 1868 Mjerumani Otto Schlömilch akachapisha fumbo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zuri kuliko yote ya aina hii.

Jaribu mwenyewe. Chora mraba wa 8 kwa 8, ukiwa na vijiraba 64. Ukate uwe mistatili miwili, mmoja wa 8 kwa 3 na mwingine wa 8 kwa 5. Wa kwanza uukate toka pembe hata pembe. Wa pili uukate mshazari uwe vipande viwili vilivyo sawa, kila kimoja kikiwa na upande mmoja wa 5 na ule unaouelekea wa 3. Sasa vipange vinne hivyo vifanye mstatili wa 5 kwa 13. Vijiraba vimekuwa 65.

Nilipopewa fumbo hili nikiwa mwanachuo wa ualimu nilizidisha 8 kwa 8 mara tatu, na 5 kwa 13 mara tatu. Kisha, kwa kiburi cha ujana, nikamwambia mwalimu kwamba bila shaka ipo kanuni ambayo hatujafundishwa. Yeye akanipa rula, asiseme neno. Pembetatu hupanda 3 kwa kila 8, yaani 0.375, kile kipande kingine hupanda 2 kwa kila 5, yaani 0.4. Basi mshazari wa mstatili ule si mstari mmoja ulionyooka. Kati ya vipande umebaki mwanya mrefu mwembamba, ambao eneo lake ni kijiraba 1 barabara. Ikiwa kila kijiraba ni sentimita 1, mwanya huo una urefu wa karibu sentimita 14, lakini upana wake wazidi milimita 1 kidogo tu. Mkasi wa mwanafunzi hukosea zaidi ya hapo.

Nimewafundisha wengi tangu siku ile, nami nimeona kuwa wanaokwama sana si wazembe wa hesabu. Ni wale hodari. Wao hukimbilia kuzidisha, na kuzidisha kwao ni sahihi. Bali jicho lao limekwisha kukubali kwamba mstari uliokaribia kunyooka umenyooka, na hakuna aliyewauliza kama walikubali. Katika mtihani huandikwa chini ya mchoro kwamba haukuchorwa kwa kipimo. Katika fumbo haiandikwi.

Mwaka 1953 Paul Curry, mfanya mazingaombwe wa New York, alibuni fumbo jingine la ukoo huohuo: vipande vinne vinavyoonekana kufanya pembetatu ya 13 kwa 5, kisha vikipangwa upya hufanya umbo lilelile, ila sasa lina tundu la kijiraba 1. Muhula uliopita niliwapa wanachuo wangu vipande hivyo vya kadibodi. Walibishana kwa nusu saa juu ya tundu. Hatimaye mmoja akachomoa uzi katika pindo la kanzu yake, akaunyosha juu ya ule upande mrefu. Katika umbo la kwanza kadibodi ilikuwa imebonyea chini ya uzi. Katika la pili ilikuwa imevimba ikaupita.

Hakuna lililokuwa pembetatu.