Udhihirishaji wa Jeni: Jani Lilelile, Dawa Tofauti

Mwezi wa tisa, mvua zikiwa bado hazijaanza, miombo ya nyanda za juu za Kigoma huchipua. Anayesafiri kati ya Kasulu na Kibondo majira hayo hukuta miti imevaa majani mekundu, mengine rangi ya shaba, na wiki chache baadaye yote yamekuwa ya kijani. Wekundu ule ni wa anthosianini, kemikali ambayo jani changa hujitengenezea likiwa bado halijajaa klorofili. Jani likikomaa, anthosianini hupungua na kijani hutawala. Je, jani lilipogeuka rangi, jeni zake nazo zimegeuka?

Hazikugeuka, na hapa ndipo uandishi wetu wa sayansi hupotosha watu. Tumezoea kuandika kwamba jani likikua hupitia “mabadiliko ya jeni”. Maneno hayo yana kazi nyingine: hutaja kugeuka kwa maandishi yenyewe ya vinasaba, kama kule kunakosababisha selimundu. Jani lililofunguka jana na lile lililokaribia kupukutika, yakiwa ya mti mmoja, yana jeni zilezile. Kinachotofautiana ni jeni zipi zinatumika, wakati gani na kwa kiasi gani. Hilo ndilo ninaloliita udhihirishaji wa jeni.

Ndani ya kiini cha seli, sehemu ya vinasaba hunakiliwa kuwa RNA. Nakala hiyo hutoka nje ya kiini, na kwa kuifuata seli huunda protini. Mara nyingi protini hiyo ni kimeng'enya, na vimeng'enya ndivyo vinavyounda uchungu, harufu na rangi ya jani. Zipo pia protini ambazo kazi yake ni kushika mwanzo wa jeni fulani na kuruhusu au kuzuia unakili. Wanakwaya wote hushika kitabu kimoja cha nyimbo, lakini nyimbo za Kwaresima si za Krismasi; seli nazo zina kitabu kimoja, na umri wa jani ni miongoni mwa mambo yanayoamua wimbo upi uimbwe.

Wapo wanaosema “usemi wa jeni”. Siukubali, kwa sababu msomaji wetu akisikia usemi hufikiria kauli au methali. “Udhihirikaji” uko karibu zaidi, ila kauli yake hufanya jambo lionekane kama linatokea lenyewe, ilhali seli inafanya kazi na kutumia nguvu. Udhihirishaji unamtaja mtendaji, na unakubali kupimwa: tunaweza kusema kiwango cha udhihirishaji kimepanda au kimeshuka bila sentensi kugoma.

Mfano bora uko mkoani Kigoma kwenyewe. Mtugutu, ambao wengine huuita mtukutu, na ukivuka mpaka kuingia Burundi huitwa umubirizi, ni mti mdogo wenye majani machungu, unaotumiwa kwa homa, minyoo na maumivu ya tumbo. Novemba 1987, katika milima ya Mahale, mtafiti wa sokwe Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeifahamu vyema miti ya dawa ya kwao, walimwona sokwe mgonjwa aliyeitwa Chausiku akivunja matawi machanga ya mti huo. Alimenya gamba, akatupa majani, kisha akatafuna moyo laini wa ndani na kunyonya maji yake. Siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu. Wanakemia wa Kyoto walipochunguza mti huo, walikuta vernodalini, ambayo ni sumu kali, imejaa zaidi kwenye majani na gamba, huku kwenye moyo wa tawi wakipata kemikali nyingine, vernoniosidi B1. Seli za jani na seli za ule moyo zina jeni zilezile. Aliyemtazama Chausiku akimenya tawi aliuona udhihirishaji wa jeni kwa macho, hata kama hakuuita kwa jina hilo.

Lakini istilahi hii isibebeshwe mzigo usio wake. Katika artemisia ya Kichina, ambayo kama mtugutu ni ya ukoo wa alizeti, jeni za kuanzisha utengenezaji wa artemisinini, dawa ya malaria, hudhihirishwa kwa nguvu kwenye majani machanga, lakini artemisinini huendelea kuongezeka jani likikomaa. Hatua za mwisho huweza kwenda kwa mwanga na oksijeni tu, bila kimeng'enya. Kwa hiyo nakala nyingi za RNA leo si lazima ziwe dawa nyingi leo. Ndiyo maana mtafiti huchuma jani na kulitumbukiza papo hapo katika naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kabla RNA haijaoza, kisha hupima kemikali kando, kwa kipimo chake.

Tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, dawa za miti zimekuwa zikisajiliwa na kufungashwa. Pakiti ya unga wa majani inayotaja jina la mti tu imeacha nusu ya habari. Naomba iandikwe pia kama majani yalikuwa machanga au yaliyokomaa, yalichumwa mwezi gani, na kama vikonyo na gamba la matawi vilisagwa pamoja nayo.