Dubu Mweupe na Mapatano ya Oslo

Wasomaji wetu, jina la dubu mmelisikia tangu shuleni, katika habari za Daudi alipochunga kondoo za baba yake. Dubu yule alikuwa mnyama wa milimani, mwenye manyoya ya rangi ya udongo. Leo twataka kuwaeleza habari za ndugu yake, dubu mweupe, akaaye kaskazini kabisa mwa dunia, mahali ambapo bahari yenyewe inaganda hata watu wanapita juu yake kwa miguu. Tutasimulia namna alivyokaribia kumalizwa kwa bunduki, na namna mataifa matano yalivyopatana kumponya. Tena tutaeleza kwa nini mapatano yale, ingawa yalikuwa mema, yalifunga mlango mmoja tu wa nyumba yenye milango miwili.

Kwanza tumjue mwenyewe. Dume mzima ana uzito wa kilo 350 hata 700. Jike ni kama nusu yake. Manyoya yake yaonekana meupe, lakini ngozi iliyo chini yake ni nyeusi. Chakula chake kikubwa ni sili, mnyama wa baharini mwenye mapezi mahali pa miguu, na mafuta mengi chini ya ngozi. Sili hukaa majini, lakini hana budi kutoboa tundu katika barafu apate kupumua. Hapo ndipo dubu anapomvizia, ametulia kimya, pengine saa nyingi. Sili akitoa pua, dubu humvuta nje. Majini wazi mambo ni mengine: dubu aogelea vizuri, lakini sili anamshinda mbio kabisa. Basi, bila barafu hakuna sili, na bila sili hakuna dubu. Mlishike neno hili, maana tutalirudia.

Jike huzaa katikati ya baridi kali, ndani ya pango alilolichimba katika theluji. Mara nyingi watoto ni wawili, nao ni wadogo ajabu: kila mmoja ana uzito wa gramu 600 tu. Mama huwanyonyesha miezi mingi pasipo kula kitu, kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Akiwa amekonda kabla ya kuingia pangoni, mimba haiendelei.

Watu wa kwanza kumwinda dubu huyu ni Wainuit na wenyeji wengine wa inchi zile. Waliwinda kwa mikuki na mbwa, wakala nyama, wakavaa ngozi, na dubu hawakwisha. Shida ilianza walipofika wageni wenye bunduki, waliotafuta ngozi kwa kuuza. Katika Svalbard, visiwa vya Norwe, tangu mwaka wa 1870 hivi hata 1970, wawindaji waliua dubu karibu 300 kila mwaka tukigawa hesabu yote. Mwindaji mmoja, Henry Rudi, peke yake aliua zaidi ya 700 katika maisha yake, na watu wa kwao wakampa jina la mfalme wa dubu.

Wengi hawakushika bunduki wenyewe. Walitengeneza sanduku la mbao, wakaweka bunduki ndani, na mbele ya mtutu wakatia chambo kilichofungwa kwa kamba kwenye kifyatulio. Dubu akivuta chambo, bunduki inalia, na mwindaji yuko mbali amelala nyumbani. Mtego wa namna hii haujui kuchagua. Ulimpiga dume, ulimpiga na mama anyonyeshaye, na watoto wake wakabaki kufa njaa au kukamatwa na kuuzwa wakiwa hai. Katika Alaska, inchi ya Marekani, mambo yalikuwa mengine lakini si bora: baada ya vita ya pili ya dunia matajiri walikuja kuwinda kwa ndege. Waliona dubu kutoka juu, wakashuka juu ya barafu, wakapiga, wakachukua ngozi ya kutandika nyumbani. Kwa akili zetu sisi, mtu anayewinda hivyo hastahili kujisifu hata kidogo.

Tusiseme kwamba wote walifumba macho. Mwaka wa 1939 Norwe ilikataza kuua dubu katika Kong Karls Land, visiwa vidogo vya mashariki ya Svalbard ambapo majike wengi huchimba mapango yao. Mwaka wa 1956 Urusi ya Kisovyeti ilikataza uwindaji wa dubu weupe katika pwani zake zote, tena ilikuwa ya kwanza kufanya hivyo kwa inchi nzima. Lakini barafu haina mpaka. Dubu aliyeponywa upande huu aweza kuuawa upande wa pili.

Kwa sababu hiyo, mwezi wa Septemba 1965, wajumbe wa inchi tano zenye dubu weupe walikutana katika mji wa Fairbanks, Alaska: Marekani, Urusi ya Kisovyeti, Kanada, Norwe, na Denmark kwa ajili ya Greenland. Fikirini siku zile zilikuwaje. Warusi na Waamerika walikuwa wakielekezeana mabomu makubwa, na Aktiki ndiyo njia fupi ambayo mabomu yale yangepita. Hata hivyo waliketi meza moja kwa ajili ya mnyama. Mara wakaona aibu yao: hakuna aliyejua dubu ni wangapi. Savva Uspensky, mtaalamu wa Urusi, alifikiri hawapiti 8,000. Wengine walitaja hesabu ya zaidi ya 10,000. Wengine waliipita hiyo mbali. Tena hawakujua kama dubu wote ni kundi moja linalozunguka ncha ya dunia pamoja na barafu, au kama kila inchi ina dubu wake. Swali hilo lilikuwa zito. Kama ni kundi moja, kila mwindaji anakula mali ya wote. Kama ni makundi mengi, kila inchi yaweza kuulizwa habari za watu wake.

Wajumbe walipatana kutafuta kwanza, ndipo wahukumu. Mwaka wa 1968 wataalamu wachache wa inchi zile tano walikutana katika Morges, Uswisi, wakaanzisha halmashauri yao chini ya umoja wa kimataifa wa kulinda viumbe. Walikuja kama wenye elimu, si kama wasemaji wa serikali zao, na tunadhani hilo ndilo lililowawezesha kusema kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Ilibidi kumpiga dubu sindano ya dawa ya usingizi kwa bunduki, mara nyingi kutoka helikopta, kisha kumkaribia na kumpima. Mwanzoni dawa hazikujulikana vizuri, na dubu kadhaa walikufa mikononi mwa watu waliotaka kuwaponya. Polepole walijifunza. Dubu alipolala, walimtia alama sikioni, wakaandika namba ndani ya mdomo wake, wakang'oa jino moja dogo asilolitumia. Jino hilo likikatwa laonyesha mistari kama ya mti, na kila mstari ni mwaka mmoja. Baadaye walifunga shingoni mkanda wenye redio. Lakini mkanda huu wafaa majike tu, maana dume shingo yake ni nene kuliko kichwa. Akiinama, mkanda unaanguka.

Alama zile zikaleta jibu. Dubu wanasafiri mbali sana, lakini wengi wanarudi katika sehemu zao. Si kundi moja. Katika hesabu iliyotolewa mwaka wa 2015 wataalamu walitaja makundi 19 na dubu karibu 26,000, ingawa wenyewe wanakiri kwamba idadi ya kweli yaweza kuwa 22,000 au 31,000. Pwani ya Urusi ni ndefu, na sehemu nyingine hazijahesabiwa vema hata leo.

Tarehe 15 Novemba 1973, katika Oslo, mji mkuu wa Norwe, inchi tano zilitia sahihi mapatano yao. Walikataza kuua dubu kwa ndege na kwa vyombo vikubwa vya mota. Waliwaachia wenyeji haki ya kuwinda kwa desturi zao, na jambo hili lilikuwa la haki, maana si wao walioleta sanduku la bunduki. Mwaka ule ule Norwe ilikataza uwindaji wote katika Svalbard. Mapatano yakaanza kazi mwaka wa 1976, na matunda yakaonekana. Mwaka wa 2004, dubu wa Svalbard na wa bahari ya Barents walipohesabiwa, walionekana kuwa karibu 2,650.

Hivi ndivyo mlango wa kwanza ulivyofungwa. Mlango wa pili uliandikwa katika mapatano yale yale, katika kifungu cha pili. Humo mataifa matano yaliahidi kulinda si dubu tu, ila na makao anayoyategemea. Wakati ule walifikiri mapango ya majike, njia za kupitia, na hatari ya mafuta kumwagika baharini. Hawakufikiri barafu. Nani angefikiri kwamba bahari ya Aktiki ingekosa barafu?

Tangu mwaka wa 1979 satelaiti zinapima barafu ile kila siku. Mwezi wa Septemba, inapokuwa ndogo kuliko miezi yote, imepungua kwa sehemu kama 12 katika 100 kila miaka kumi. Sababu ni moshi wa makaa na mafuta yanayochomwa viwandani, katika motokari na majumbani, ambao unazuia joto la dunia lisitoke. Moshi huo hautoki Aktiki, na mwenye kuuwasha hawezi kukamatwa na askari wa pori.

Ian Stirling wa Kanada, aliyekufa mwaka wa 2024, alianza kuwachunguza dubu mwaka wa 1970. Magharibi ya ghuba ya Hudson, karibu na mji wa Churchill, barafu yote huyeyuka wakati wa joto, na dubu hukaa inchi kavu miezi mingi bila chakula cha maana. Mwaka wa 1999 yeye na wenzake walitangaza walichokiona: barafu inavunjika mapema, dubu wanapanda pwani wamekonda, na majike wanazaa wachache. Sasa siku za njaa zimezidi kwa wiki tatu hata nne kuliko miaka ya 1980. Mwaka wa 1987 dubu wa sehemu ile walikuwa karibu 1,200. Mwaka wa 2016 walihesabiwa 842. Mwaka wa 2021 walikuwa 618. Hawakupungua hivyo kwa bunduki. Serikali ya Marekani nayo iliwaandika dubu weupe katika orodha ya wanyama walio katika hatari mwaka wa 2008, na sababu iliyotajwa ni kuyeyuka kwa barafu.

Hapa kuna mabishano, nasi hatupendi kuyaficha. Wainuit wengi wanasema: mwatuambia dubu wanapungua, na sisi twawaona wengi vijijini kuliko zamani. Wataalamu wanajibu kwamba dubu mwenye njaa ndiye anayekaribia nyumba za watu. Pengine wote wawili wasema kweli katika sehemu zao, maana makundi mengine bado yana nguvu. Lakini neno lingine la Wainuit halina jibu rahisi: miaka mingi wageni walikuja, wakawalaza dubu kwa dawa, wakaandika vitabu, wasiwaulize watu walioishi nao tangu mababu. Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Katika sehemu nyingine dubu wahesabiwa kutoka ndege bila kuguswa, au kwa manyoya wanayoyaacha kwenye miiba ya waya, na wazee wanaalikwa kusema kabla ya idadi ya kuwinda kukatwa.

Katika Churchill kuna nyumba ambayo watu wanaiita gereza la dubu. Dubu akiingia mjini kutafuta chakula, walinzi wanamkamata na kumtia humo. Wanampa maji tu, wala hapewi chakula, asije akazoea kurudi kwa wanadamu. Mwezi wa Novemba, barafu ikishika pwani, wanamfungulia aende kuwinda sili. Miaka mingine barafu inakawia, na dubu wanazidi kungoja.