Gemu Isiyoisha, Mbona Inachosha?

Huku hosteli kuna ubishi wa kila wikiendi: kwa nini gemu moja unaicheza miaka, halafu nyingine yenye dunia kubwa ajabu inakuboa ndani ya wiki? Mimi mtu wa historia nasema jibu lipo zamani, na walilitoa wanafunzi kama sisi.

Karibu na mwaka 1980, Michael Toy na Glenn Wichman walikuwa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Gemu za maandishi za enzi zile zilikuwa kama mtihani unaorudiwa: ukishajua majibu, basi. Aliyeitunga ndiyo kabisa, siri zote anazo. Jamaa wakatengeneza Rogue, ambayo kompyuta inapanga mapango upya kila unapoanza. Picha hamna, ni herufi tu, na wewe mchezaji ni alama ya @. Ila ukifa umekufa, unaanza moja. Ukiokota dawa usiyoijua, kuinywa ni kamari kweli kweli.

Mwaka 1984 wakaja David Braben na Ian Bell, wanafunzi wa Cambridge, na gemu yao Elite. Kompyuta ya BBC Micro ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu, hivyo sayari hazikuhifadhiwa, zilipigiwa hesabu. Hesabu ile ingeweza kuzaa galaksi zaidi ya trilioni 280! Kampuni iliyoitoa, Acornsoft, ikakataa: wingi huo ungemfumbua macho mchezaji aone sayari zinavyofanana. Zikabaki galaksi 8, kila moja na sayari 256.

Somo hilo lilisahaulika. Agosti 2016 Hello Games ya Uingereza ilitoa No Man's Sky, yenye sayari 18 ikifuatiwa na sifuri 18. Wachezaji wengi wakalalamika kwamba wanazunguka tu, hamna cha kufanya. Ilipona baadaye kwa maboresho ya bure, yakiwemo ya 2018 yaliyowawezesha watu kucheza na kujenga pamoja.

Kwa hiyo wingi hauondoi uchovu. Sayari mpya isiyobadilisha uamuzi wako ni ileile iliyopakwa rangi nyingine. Kinachomrudisha mtu ni kuwa na cha kupoteza, au mtu wa kujenga naye.

Nyie wa kompyuta mnaotengeneza gemu za mradi wa mwaka wa mwisho, msitutambie ukubwa wa ramani. Tuambieni kwanza: nikikosea humo ndani, napoteza nini?

Haya, anayebisha aseme.