Muhogo, Wimbi na Dagaa: Historia ya Nishati ya Mwili Mpakani Busia na Tororo

Historia ya mpaka wa Kenya na Uganda imeandikwa sana kupitia reli, pamba na magendo. Katika insha hii ninajadili kilichokuwa ndani ya chungu. Hoja yangu ni kwamba muhogo ulipochukua nafasi kubwa katika mlo wa Busia na Tororo, ulileta shibe pamoja na hatari, na waliozuia hatari hiyo ni wanawake waliouandaa.

Wateso, Wasamia na Wajopadhola walitegemea zaidi wimbi na mtama. Muhogo ni mgeni: Wareno waliuleta Afrika kutoka Brazili katika karne ya 16, nao ukafika Uganda katika karne ya 19. Mwaka 1902 Waingereza walihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuweka chini ya utawala wa nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, hivyo ndugu wakajikuta pande mbili za mpaka. Pande zote mbili, serikali ilihimiza na mara nyingine kulazimisha kilimo cha muhogo kama akiba ya njaa. Sababu zake zinaeleweka. Muhogo hustahimili ukame, hukaa ardhini muda mrefu bila kuoza, na nzige hawaifikii mizizi yake. Isitoshe, pamba ilidai mikono ya watu shambani, na wimbi nalo huhitaji palizi nyingi kuliko muhogo.

Kwa afisa wa kikoloni, chakula kilikuwa suala la wingi. Mwili una hesabu nyingine. Ndani ya seli zetu mna mitokondria, ambamo sukari itokanayo na wanga huvunjwa kwa msaada wa oksijeni ili kutengeneza ATP, nishati inayotumiwa na misuli na ubongo. Mwaka 1925, David Keilin wa Cambridge alionyesha kuwapo kwa sitokromu, protini zinazoshiriki katika kazi hiyo. Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali zinazotoa sianidi. Sumu hii hukizuia kimeng'enya cha mwisho katika mnyororo huo, hata seli ishindwe kutumia oksijeni iliyoletwa na damu. Mwili unaweza kuidhoofisha sumu hiyo, lakini kwa kutumia salfa inayopatikana katika protini. Muhogo una protini kidogo mno. Anayekula muhogo mtupu, ulioandaliwa vibaya, hupata sumu na hukosa kinga kwa wakati mmoja.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu, katika eneo la Kwango nchini Kongo. Mwaka 1981 ugonjwa huohuo uliwapata watu zaidi ya 1,000 huko Nampula, Msumbiji, wakati ukame ulipowaacha na muhogo mchungu tu.

Tukirudi Busia na Tororo, tutazame hatua za jikoni. Muhogo humenywa, hurundikwa na kufunikwa hadi uchachuke, hukwanguliwa, hupondwa na kuanikwa juani. Kuchachua na kukausha huondoa sehemu kubwa ya sianidi. Kisha husagwa pamoja na wimbi au mtama, na ugali wake, ambao Wateso huuita atap, huliwa kwa maharage au dagaa wa Ziwa Victoria. Hapo ndipo protini inapoingia.

Mtu anaweza kupinga kwamba walichanganya kwa ajili ya ladha, rangi au kubana matumizi. Ni kweli, na sidai kwamba bibi zetu walijua mitokondria. Kipimo chao kilikuwa uchungu ulimini, harufu, na kizunguzungu cha mtoto baada ya kula. Hata hivyo, maarifa yanayotokana na kuangalia kwa makini ni maarifa.

Suala hili halijapita. Mvua ikikosekana, sianidi katika muhogo huongezeka. Njaa ikibana, siku za kuanika hupunguzwa. Dagaa wakipanda bei, maskini huwaacha sokoni. Ngao zote huanguka pamoja, na nyumba maskini ndiyo hutangulia kuumia.

Kwa kuhitimisha, ripoti za kikoloni zinatueleza jinsi muhogo ulivyopandwa. Jinsi ulivyofanywa uweze kulika salama, tutawauliza wazee wa kike wa Busia na Tororo. Nashauri tuwaulize sasa, na majibu yao tuyaweke katika historia ya sayansi ya Afrika Mashariki.