Nguzo kabla ya darasa: jinsi mafundi wa laini za umeme walivyofunzwa Marekani

Fundi wa laini, yaani yule apandaye nguzo kufunga na kutengeneza nyaya, alizaliwa Marekani kwa sababu ya waya uliokataa kukaa ardhini. Mwaka 1843 Bunge la nchi hiyo lilimpa Samuel Morse dola 30,000 ajenge laini ya majaribio ya telegrafu kati ya Washington na Baltimore, mwendo wa kilomita 64 hivi. Nia ilikuwa kuzika nyaya ndani ya bomba la risasi, na Ezra Cornell alibuni plau ya kuchimba mtaro na kulaza bomba kwa mpigo mmoja. Kazi ilipokuwa imekwisha kuanza ikabainika kwamba nyaya zinavujisha umeme humo bombani. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imetumika, ikabidi nyaya zitundikwe juu ya miti. Tarehe 24 Mei 1844 ujumbe wa kwanza rasmi ukapita, na tangu hapo nchi ikahitaji watu wa kupanda.

Watu hao hawakusomea popote. Umeme wa telegrafu ulitoka kwenye betri, nao haukutosha kumdhuru anayeushika. Kilichoua ni kuanguka. Kwa hiyo ufundi ulikuwa wa miguu na kiuno: kufunga miguuni vyuma vyenye ncha, kuzichoma ncha hizo kwenye mti kwa pembe inayofaa, na kuuegemea mkanda bila kuukumbatia mti kwa woga. Hayo kijana aliweza kuyapata kwa wiki chache akimtazama mwenzake. Si ajabu kwamba kwa miaka 40 hivi hakuna aliyefikiria kuanzisha shule.

Hali ilibadilika taa za umeme za tao zilipoingia mijini. Broadway, jijini New York, ilianza kuangazwa nazo Desemba 1880, na nyaya zake zilibeba volti kwa maelfu. Nyaya hizo mpya zilipangwa juu ya barabara zilezile, pengine kwenye nguzo zilezile, pamoja na za telegrafu na simu. Fundi aliyezoea kushika waya wa telegrafu kama anavyoshika kamba sasa alifanya kazi kando ya kitu cha kuua, na kwa macho havikutofautiana. Sheria ya jimbo ya mwaka 1884 iliyoamuru nyaya za mijini zizikwe ilipuuzwa na kampuni. Tarehe 11 Oktoba 1889 John Feeks, fundi wa kampuni ya telegrafu ya Western Union, alinaswa na umeme juu ya nguzo karibu na ukumbi wa jiji la New York, saa za mchana, umati ukitazama. Waya alioushika ulikuwa wa telegrafu, ambao kwa desturi ni salama; mahali pengine ulikuwa umegusana na waya wa taa. Baada ya kifo hicho jiji lilianza kukata nguzo na nyaya kwa nguvu. Lakini kuhusu mafunzo ya mafundi wenyewe, hakuna kilichofanyika.

Waliolitwaa jambo hilo ni mafundi. Tarehe 28 Novemba 1891, mjini St. Louis, wajumbe 10 waliowakilisha wanachama 286 waliunda chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa umeme, kinachojulikana leo kwa kifupi IBEW. Rais wake wa kwanza, Henry Miller, alikuwa fundi wa laini aliyesafiri mji hadi mji akitafuta kazi na kuwakusanya wenzake. Kumbukumbu za chama husema kwamba katika baadhi ya maeneo, kati ya kila mafundi wawili wa laini mmoja alikufa kazini. Chama kilidai mshahara, kikachangisha fedha za mazishi, na kikataka pia uanagenzi wenye utaratibu, ili mtu asipelekwe juu kwenye umeme kwa sababu tu ana miguu imara. Miller mwenyewe alikufa mwaka 1896 mjini Washington: alipigwa shoti akiwa juu ya nguzo, akaanguka.

Uanagenzi wa zama hizo ulianzia chini kabisa. Mgeni alichimba mashimo, akabeba vikombe vya kauri vya kushikilia nyaya, akavuta kamba ya kupandishia vifaa. Alijifunza kwa kutazama juu, na kwa matusi alipochelewesha kamba. Ubora wa mafunzo ulitegemea bahati ya kumpata fundi mwenye subira, na hilo ni tatizo ambalo vyuo havijaliondoa kabisa hadi leo. Wakati huohuo ujuzi wenyewe ulizidi kuwa mzito. Katika miaka ya 1910 vijiti virefu vya mbao vilianza kutumika kushughulikia waya bila kuzima laini, na glavu za mpira zikaenea. Mwaka 1928 Edwin Kurtz alichapisha kitabu cha mwongozo wa mafundi wa laini ambacho kimekuwa kikitolewa upya kizazi baada ya kizazi. Sasa mwanagenzi aliweza kusoma usiku jambo ambalo msimamizi wake hakulieleza mchana.

Serikali ilikuwa imeanza kugharimia elimu ya ufundi kwa sheria ya mwaka 1917, ila kazi ya nguzo haikuingia kwa urahisi ndani ya kuta nne. Sheria iliyoigusa zaidi ni ya mwaka 1937, iliyoweka misingi ya uanagenzi nchi nzima: mkataba wa maandishi, saa za kazi zinazohesabiwa, mshahara unaopanda kwa hatua, na masomo ya darasani, ambayo baadaye yalipendekezwa yasipungue saa 144 kwa mwaka.

Sheria hiyo ilikuja wakati mafundi wanahitajika kuliko walivyowahi kuhitajika. Katikati ya miaka ya 1930 takriban shamba moja tu kati ya kumi lilikuwa na umeme. Rais Franklin Roosevelt aliunda shirika la umeme vijijini mwezi Mei 1935, na wakulima wakaanza kuungana katika vyama vya ushirika kujijengea laini. Vyama hivyo vidogo havikuweza kuwa na shule, hivyo wakufunzi walizunguka kutoka ushirika mmoja hadi mwingine wakifundisha usalama na kazi palepale penye nguzo.

Somo moja lilipata ushahidi wake hadharani tarehe 17 Julai 1967, huko Jacksonville, Florida. Fundi Randall Champion aligusa waya wenye volti zaidi ya 4,000, moyo ukasimama, akaning'inia kichwa chini kwenye mkanda wake. Mwenzake J. D. Thompson alipanda na kumpulizia pumzi mdomoni hapohapo juu, kisha akamshusha. Champion aliishi hadi 2002. Mpiga picha Rocco Morabito, aliyekuwa akipita, alipata tuzo ya Pulitzer kwa picha ya tukio hilo. Kumwokoa mwenzako juu ya nguzo ni zoezi la lazima kwa mwanafunzi wa laini: hupanda, hukata mkanda wa sanamu yenye uzito wa mtu, na kuishusha kwa kamba huku saa ikihesabu dakika chache.

Vyuo maalumu vya kazi hii ni vya karibuni. Kimojawapo kinachojulikana sana kilianzishwa jimboni Idaho mwaka 1993, na kozi yake ya msingi huchukua wiki 15. Kiini cha chuo cha namna hii ni uwanja wa nguzo zilizosimikwa bila umeme. Wanafunzi hupanda kila siku hadi mapaja yazoee, na kuna zoezi la kurushiana mpira wakiwa juu, ambalo huonekana mchezo lakini hulazimisha mikono iache nguzo na mwili uuamini mkanda. Darasani husoma transfoma, mafundo ya kamba, na kwa nini laini iliyozimwa bado huhesabiwa kuwa na moto mpaka ipimwe na kufungwa ethi. Wengi huondoka pia na leseni ya kuendesha lori.

Kanuni za serikali za mwaka 1994 ziliandika wazi nani anastahili kukaribia waya wenye umeme na mafunzo gani yanamstahilisha. Marekebisho ya 2014 yaligusa mtindo wenyewe wa kupanda: kuanzia Aprili 2015 fundi hawezi tena kupanda kwa vyuma vya miguuni pekee na kujifunga akifika juu, bali hana budi kujikinga na kuanguka tangu anapoanza kupanda. Wazee wa kazi walinung'unika kwamba mkanda mpya unawachelewesha. Wanafunzi wa sasa hawajui namna nyingine.

Cheti cha chuo hakimfanyi mtu fundi. Humsaidia kupokewa katika uanagenzi, ambao kwa kawaida huhitaji saa 7,000 hivi za kazi, yaani miaka mitatu na nusu au zaidi, kabla ya kuitwa fundi kamili na kulipwa mshahara mzima. Siku ya kwanza kazini, aliyehitimu husimama chini ya nguzo, akavuta kamba.