Mcheza Kwao Hutunzwa: Habari za Maonyesho ya Sanaa Vijijini

Msomaji kijana, nataka twende pamoja safari fupi, nayo itaanzia Bokoli, katika kaunti ya Bungoma, magharibi ya Kenya. Ukisimama hapo asubuhi, kabla mawingu hayajakusanyika, utauona mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba. Njia za upande mmoja zitakupeleka Bungoma, na za upande mwingine zitakufikisha Kitale. Nenda sokoni, utazame kwa makini kama mgeni atazamavyo. Utaona vyungu, vikapu, nyungo na vigoda. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichotengenezwa bila fikira. Mfinyanzi amechagua mahali pa kutia nakshi shingoni mwa chungu, na msusi amehesabu nyuzi zake ili mistari ya kikapu ikutane.

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wa chuo cha ualimu ninachofundisha swali moja: mtu akitaka kuona maonyesho ya sanaa, aende wapi? Karibu wote hujibu, “Nairobi.” Wachache husema, “Ulaya.” Sijapata kumsikia hata mmoja akisema, “Kwetu kijijini.” Na hawa ndio watakaowafundisha wadogo zako kuchora. Jibu lao si la ujinga, kwa maana lina historia yake. Yafaa basi tuijue historia hiyo, ili tuone kama jibu hilo ni lazima liwe hivyo siku zote.

Kwanza tukumbuke kwamba wazee wetu nao walikuwa na maonyesho, ijapokuwa hawakuyaita kwa jina hilo. Mfinyanzi alipopeleka vyungu vyake sokoni, wanunuzi walikigonga chungu kwa kidole na kusikiliza mlio wake, kwa kuwa chungu chenye ufa hakilii sawasawa na chungu kizima. Hao walikuwa waamuzi wake, na waamuzi wakali. Katika nchi ya Wabukusu, vijana hutahiriwa mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa. Wakati huo kijana huzunguka kwa jamaa zake akipiga kengele za mkononi ziitwazo chinyimba, amepambwa kwa shanga, na watu humfuata wakiimba. Fundi aliyezifua kengele na mwanamke aliyezitunga shanga wote huonekana siku hiyo, na sifa zao huenea. Kazi ya mikono ilionyeshwa mahali ilipotumika, mbele ya watu walioielewa.

Njia ya pili ya kuonyesha sanaa, yaani kuweka kazi katika chumba ili itazamwe tu, ililetwa na shule. Habari zake katika Afrika Mashariki huanzia sana Makerere, Uganda. Mwaka 1937 mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kuwafundisha wanafunzi wachache uchoraji na uchongaji. Kabla ya hapo alikaa Kenya, akajifunza kazi za mikono za Wakamba. Aliamini kwamba Mwafrika asifundishwe kuiga picha za Ulaya, bali achore yale ayajuayo. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa Kampala, na mwaka 1939 zilivuka bahari zikaonyeshwa London.

Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa jirani yetu. Gregory Maloba alizaliwa Mumias, mahali pasipo mbali na Bungoma, mwaka 1922. Alisoma Makerere, akaendelea na masomo Uingereza, akarudi kufundisha Makerere, na baadaye Chuo Kikuu cha Nairobi. Uganda ilipopata uhuru mwezi wa Oktoba 1962, sanamu kubwa ya kumbukumbu iliyosimamishwa katikati ya Kampala ilikuwa kazi ya mikono yake: umbo la mtu mzima amwinuaye mtoto juu. Kila apitaye huiona bila kulipa hata senti. Maloba alifariki mwaka 2007. Je, ulipata kulisikia jina lake darasani kwako? Kama hukulisikia, usijilaumu. Lakini ujiulize ni kwa nini mtoto wa Mumias ajulikane zaidi Kampala kuliko kwao.

Mwanafunzi mwingine wa Makerere alikuwa Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Huyu alichora maisha ya kijiji: watu wakilima, wakivuna, wakijenga, wakienda arusini. Mwaka 1956 alichora picha ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yaliipata picha hiyo mwaka 1960. Ilikuwa heshima kubwa kwa mchoraji na kwa Afrika nzima, na miaka iliyofuata Ntiro aliiwakilisha Tanganyika kama balozi wake London.

Hata hivyo, tafakari jambo hili. Pombe ile ni ya Machame, ndizi zile ni za Machame, na arusi ile ni ya Machame. Mtu wa Machame akitaka kuiona picha yenyewe, itambidi apande ndege avuke bahari mbili. Simlaumu Ntiro kwa kuuza kazi yake, kwa kuwa msanii naye hula. Wala siwalaumu walioinunua, kwa kuwa wameitunza vizuri. Nasema tu kwamba kijiji kilitoa picha, nacho hakikupata hata siku moja ya kuitazama pamoja.

Turudi sasa karibu na nyumbani. Kitale aliishi Mzungu mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyependa mno kukusanya vitu. Alikusanya wadudu, ndege, wanyama, vitabu, na vyombo na silaha za wenyeji. Mwaka 1926 alifungua makumbusho yake mwenyewe. Alipokufa mwaka 1966 aliiachia nchi ya Kenya mikusanyo hiyo kwa wasia, pamoja na fedha za kusaidia kujenga nyumba ya kuihifadhi. Makumbusho mapya yakafunguliwa Kitale mwezi wa Desemba 1974, yakiwa ya kwanza ya aina yake katika mikoa ya bara. Katika uwanja wake zilijengwa pia nyumba za jadi za baadhi ya jamii za magharibi, ili watoto waone wazee wao walivyokaa.

Makumbusho hayo yametufaa sana, na ukipata nafasi uende. Lakini makumbusho na maonyesho ya sanaa si kitu kimoja. Makumbusho huhifadhi kilichopita. Ngao iliyowekwa nyuma ya kioo haitakwenda vitani tena, na mara nyingi jina la aliyeitengeneza halijulikani, kwa sababu mkusanyaji aliandika jina la kabila akadhani yatosha. Maonyesho ya sanaa humleta mtu aliye hai, mwenye jina, akasimama kando ya kazi yake na kusema, “Hii nimeifanya mimi.” Kijiji kinahitaji yote mawili. Kikipata la kwanza tu, watoto wake watadhani kwamba sanaa ya kwao ilikwisha zamani.

Walikuwako wasanii walioliona jambo hili mapema. Elimo Njau alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, naye pia alisoma Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha kubwa tano katika kuta za kanisa la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Alionyesha maisha ya Yesu, lakini watu wake ni Waafrika, na milima na miti yake ni ya nchi ile ile inayoonekana nje ya kanisa. Picha hizo hazikupelekwa kwa watu wa mbali. Mkulima aliyekuja kusali alizikuta mbele yake, akaijua nchi yake ndani yake.

Mwaka 1963 mwandishi wa Afrika Kusini, Ezekiel Mphahlele, alianzisha Nairobi kituo cha utamaduni kilichoitwa Chemchemi, na Njau akawa msimamizi wa sanaa za kuchora humo. Mwaka 1965 Njau na rafiki zake walifungua Paa ya Paa, nyumba ya sanaa iliyoongozwa na Waafrika wenyewe. Jina lenyewe ni la kuchezea maneno: mnyama paa anapaa juu. Katika miaka hiyo hiyo alianzisha nyumba nyingine ya sanaa kwao Marangu, chini ya kilele cha Kibo, nayo ikaitwa kwa jina la kilele hicho. Fikiri ushujaa wa jambo hilo! Wakati wengine walidhani kwamba sanaa ni mali ya miji mikuu, yeye aliipeleka kati ya migomba, mahali mwanamke atokaye shambani angeweza kuingia na jembe lake.

Mapema katika miaka ya 1980, wasanii wengine wa Kenya, akiwamo Etale Sukuro, waliunda kundi lililoitwa Sisi kwa Sisi. Jina hilo latosha kueleza nia yao. Waliona kwamba nyumba za sanaa za Nairobi zilitembelewa zaidi na wageni na matajiri, wakaamua kuzibeba picha zao hadi mahali watu wa kawaida walipo.

Njia hii haikuwa nyepesi. Mwaka 1997 moto uliiteketeza Paa ya Paa, na kazi nyingi za miaka mingi zikapotea kwa usiku mmoja. Vituo vidogo huishi kwa jasho la watu wachache, na hao wakichoka au wakifa, mlango hufungwa. Hilo nalo ni somo: nyumba ya sanaa iliyo ya mtu mmoja hufa pamoja naye, bali iliyo ya kijiji ina warithi.

Najua utaniambia, “Mwalimu, watu wetu ni maskini. Nani atanunua picha Bokoli? Tena wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Maneno yako yana uzito, lakini nijibu kwanza: kizuri kitajiuzaje, kama kimefungiwa chini ya kitanda? Hata chungu kizuri hupelekwa sokoni kikaonekana. Tena kuuza ni faida moja tu ya maonyesho. Faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba watu hutazama pamoja na kusemezana. Babu akiiona picha ya arusi ya kale atasema, “Hapa umekosa, bibi arusi hakuvaa hivi.” Mchoraji atajifunza, na mjukuu atakuwa amesikia habari ambayo haimo katika kitabu chochote. Mkosoaji kama huyo hapatikani New York.

Wala jambo lenyewe halihitaji mali nyingi. Chumba cha darasa siku ya Jumamosi, au ukumbi wa kanisa, chaweza kutosha. Kipate mwanga wa madirisha, lakini jua lisizipige picha moja kwa moja, maana huzififisha rangi. Picha zitundikwe usawa wa macho ya mtu mzima, na chache ziwekwe chini kwa ajili ya watoto. Kando ya kila kazi iandikwe karatasi yenye jina la aliyeifanya, mwaka, na maelezo mafupi kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Vyungu vya nyanya visiwekwe pembeni kana kwamba ni vyombo tu. Viwekwe katikati, pamoja na jina lake. Siku ichaguliwe kuwa siku ya soko, ili watu wasifunge safari mbili. Na mlangoni asiulizwe mtu kiingilio.

Hata sheria iko upande wetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeutaja utamaduni kuwa msingi wa taifa, na imeziachia kaunti kazi za utamaduni, pamoja na maktaba na makumbusho. Maana yake ni kwamba mwananchi wa Bokoli ana haki ya kuwauliza viongozi wake wa Bungoma, “Nyumba yetu ya sanaa iko wapi?” Lakini kiongozi atajibu upesi zaidi akiona kwamba wananchi wamekwisha kuanza.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Maloba alicheza Kampala, picha ya Ntiro ikacheza New York, na wote walitunzwa huko. Imebaki zamu ya kwetu kujifunza kutunza. Basi, msomaji wangu, leo jioni utakaporudi nyumbani, kitazame chungu cha maji kilichoko jikoni. Uliza ni nani aliyekifinyanga, na kama yu hai uende ukamwulize alijifunza kwa nani. Andika majibu katika daftari yako. Hiyo itakuwa karatasi ya kwanza ya maonyesho ya kijiji chako.